Tembo wa Tabora na tembo wa 1944: kujua piesi ya zamani kabla hawajakudanganya



Tangu nilirudi huku na lisansi yangu ya agronomia, watu wananiuliza mambo matatu. La kwanza, dawa ya mihogo yenye mozaiki (haiko, badilisha mbegu). La pili, bei ya mbolea. La tatu ni piesi ya tembo. Mtu anatoa kitambaa mfukoni, anakifungua pole pole, anasema: "Yaya, wewe ulisoma, tuangalilie hii. Inasemekana iko na bei."

Hadithi yenyewe munaijua. Eti kuna sarafu moja ya wakati wa Wabelgiji, yenye picha ya tembo, na kuna mnunuzi fulani, mara yuko Kampala, mara yuko Dubai, anayeitafuta kwa maelfu ya dola. Kati yako na mnunuzi kuna komisionere. Huyo anaangalia piesi yako, anatikisa kichwa kwa heshima, kisha anaomba makuta kidogo ya kuipimisha, halafu ya dosiye, halafu ya transporti. Najua familia moja ya Walendu Bindi iliyouza mbuzi wawili kulipa ile ya kupimisha. Mbuzi walienda, komisionere akaenda, piesi ikabaki.

Kinachonisumbua ni kwamba hadithi hiyo ni nusu ya kweli. Sarafu ya tembo yenye bei ya maelfu ya dola iko, na historia yake inawagusa askari wa Kongo. Lakini siyo ile iliyo ndani ya kopo la nyanya yako. Ni tembo wawili tofauti, wa vita viwili tofauti, na mtu asiyejua historia hawezi kuwatenganisha.

Tuanze na yule wa dhahabu. Mwaka 1914 vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Wajerumani. Makuta ya huko yalikuwa rupia, na kila rupia iligawanywa kwa heleri 100. Sarafu zilitengenezwa Ujerumani na kuletwa kwa meli. Waingereza wakafunga bahari, meli hazikupita tena, na serikali ya koloni ikabaki bila sarafu za kulipa askari na kununua chakula. Ikabidi wazitengeneze wenyewe. Walikuwa wamehamia Tabora, katikati ya nchi, kwenye reli iliyotoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Katika karakana ya reli pale Tabora wakaanza kupiga sarafu kwa mashine walizokuwa nazo. Kwanza heleri 5 na heleri 20, za shaba, chuma kingine kikitoka kwenye maganda ya mizinga. Kisha mwaka 1916 wakapiga rupia 15 za dhahabu iliyotoka kwenye mgodi wa Sekenke. Upande mmoja kuna tai wa Kaiser. Upande wa pili kuna tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima, na chini mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora.

Zilipigwa kama elfu 16 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Force Publique, Wakongo chini ya maofisa Wabelgiji, waliingia Tabora. Jenerali wao Tombeur baadaye alipewa jina la "baron de Tabora". Wale waliotembea kwa miguu kutoka Kivu hadi pale, na wale wengi zaidi waliobeba mizigo yao kichwani, hawakupewa jina lolote. Lakini ndio sababu rupia au heleri ya Tabora kuonekana upande huu wa Kongo si jambo la kushangaza. Njia ilikuwepo, na watu wetu waliipita.

Tembo wa pili ni wa vita vya pili. Mei 1940 Hitler aliivamia Ubelgiji, na kiwanda cha sarafu cha Brussels kikawa mikononi mwa adui. Kongo ikabaki upande wa Waingereza na washirika wao, na kazi ikaongezeka: mpira, kahawa, pamba, shaba, dhahabu ya kwetu ya Kilo-Moto, uraniumu ya Shinkolobwe. Mwaka 1942 siku za kazi ya lazima kwa wakulima zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. (Sisi wa agronomia tungepaswa kufundishwa jambo hili mwaka wa kwanza. Wazee wetu wanapomkataa agronome anayekuja na mbegu "nzuri", hawakatai mbegu. Wanamkumbuka agronome wa Wabelgiji, aliyekuja na fimbo.) Uchumi wa namna hiyo unahitaji sarafu ndogo nyingi, na Brussels imefungwa. Basi Banque du Congo Belge ikaagiza kwingine. Mwaka 1943 kiwanda cha Philadelphia, Marekani, kikapiga franga 2 za shaba ya njano, zenye pembe sita, zikiwa na tembo: milioni 25. Mwaka 1944 ikawa zamu ya Pretoria, Afrika Kusini: franga 1 ya shaba ya njano, tembo tena, milioni 25 nyingine, na franga 50 ya fedha, tembo tena, milioni moja. Tembo aliendelea kwenye franga 1, 2 na 5 za njano hadi mwaka 1949.

Munaona tofauti. Tembo wa Tabora ni kama elfu 16. Tembo wa Banque du Congo Belge ni makumi ya milioni. Ile ya pembe sita ya 1943, ambayo nimeiona mara nyingi kuliko zote hapa Gety, ni nzuri, ni ya historia, na bei yake kwa wakusanyaji ni dola chache tu. Franga 50 ya fedha inaweza kufika makumi ya dola ikiwa imetumika kawaida, na zaidi ikiwa safi sana. Hakuna atakayekulipa elfu kumi. Uzee peke yake hauleti bei. Kama uzee ungekuwa bei, mawe ya mto Semliki yangetutajirisha.

Sasa, mtu akikuletea piesi, unaanza wapi?

Wengi wanaanza kwa kuiuma, au kwa kuiangusha kwenye saruji wasikie sauti. Mimi naanza kwa kusoma. Sarafu ni dokima ya serikali, na yule anayetengeneza ya uongo mara nyingi hajui historia ya ile serikali. Chukua franga 5 za fedha za Leopold wa Pili, ambazo nazo zinazungushwa sana. Leopold alikuwa mwenye Kongo tangu 1885 hadi 15 Novemba 1908, siku ambayo Ubelgiji iliichukua. Kwa hiyo sarafu inayosema "Etat Indépendant du Congo" lakini ina mwaka 1910 haiwezi kuwa ya kweli hata ikiwa ya fedha safi, sababu hiyo nchi haikuwepo tena. Na zile franga 5 hazikupigwa kila mwaka. Miaka yake ni minne tu: 1887, 1891, 1894 na 1896. Mwaka wa kwanza zilipigwa 8,000 peke yake. Mtu akikuletea ya 1889, mpe maji ya kunywa, mwambie safari njema.

Lugha pia inasema. Wakati wa Leopold maandishi yalikuwa ya Kifaransa. Baada ya 1908 Kiflamanki kikaingia kando yake, na ukiona neno BELGISCH unajua uko kwenye Congo Belge. Ile ya Tabora lazima iwe na T chini ya tembo, na mwaka wake ni 1916 tu. Wakusanyaji wanatofautisha hata aina zake mbili kwa kuangalia urembo wa upande wa tai, unaishia chini ya herufi gani ya neno OSTAFRIKA: chini ya T au chini ya A ya kwanza. Mtengenezaji wa uongo anayeiga kutoka kwenye picha mbaya ya simu anakosea mahali kama hapo.

Baada ya kusoma, kupima. Na hapa sisi watu wa Ituri tuko na faida kuliko wengi, maana balansi haikosi. Kila mnunuzi wa dhahabu iko nayo. Munajua neno tola. Tunalitumia kila siku kwenye biashara ya dhahabu, lakini wachache wanajua linatoka wapi. Ni kipimo cha India, gramu 11.66, na rupia ya fedha ya Waingereza wa India ilikuwa na uzito huo huo kamili. Rupia ya Wajerumani waliifuata kwa uzito ule ule. Ina maana muzee anayepima unga wa dhahabu kwa tola leo anapima kwa uzito wa sarafu ambayo labda hajawahi kuiona. Na wachimbaji wanaopima kwa vijiti vya kiberiti na piesi za zamani upande wa pili wa mizani wanaendelea na kazi ambayo sarafu zilifanya toka mwanzo.

Basi weka piesi kwenye balansi. Franga 50 ya 1944 inapaswa kuwa karibu gramu 17.5, ambayo kwa bahati ni tola moja na nusu. Rupia 15 ya Tabora ni gramu 7.17 hivi. Franga 5 za Leopold ni gramu 25. Iliyotumika sana inaweza kupungua kidogo, lakini haipungui gramu tatu, na haiongezeki kamwe.

Uzito peke yake hautoshi, kwa sababu mjanja anaweza kuongeza unene. Hapo tunarudi kwenye fizikia ya sekondari, Archimedes. Funga piesi kwa uzi mwembamba, weka kikombe cha maji juu ya balansi, rudisha balansi kwa sifuri, kisha shusha piesi ndani ya maji bila kugusa chini. Namba unayosoma ni ujazo wake. Gawanya uzito kwa hiyo namba. Fedha ya Leopold, ambayo ni fedha sehemu 900 kwa 1,000, itakupa kama 10.3. Shaba ya njano itakupa kama 8.5. Dhahabu ya Tabora ni sehemu 750 kwa 1,000, na itakupa kati ya 15 na 16. Ndiyo maana piesi ya shaba ya njano yenye ukubwa wa ile ya Tabora haiwezi kupita gramu 4 hivi. Jaribio hili halihitaji asidi wala kukwaruza. Yule anayekwambia lazima akwaruze kidogo "kuona ndani", kataa. Akikwaruza piesi ya kweli, ameshakula sehemu ya bei yake.

Kisha macho. Sarafu ya kweli imepigwa: chuma baridi kati ya mihuri miwili, kwa nguvu kubwa. Herufi zake zina kingo, na uwanja kati ya herufi ni laini. Ile ya uongo ya bei ndogo imemiminwa kwenye kalibu kama vile mafundi wanavyomimina pete. Ukiangalia kwa lupe, au kwa kamera ya simu ukikuza picha, utaona vishimo vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa, herufi zilizovimba kama sabuni iliyolowa, na pengine mstari pembeni mahali nusu mbili za kalibu zilikutana. Ziko za uongo zilizopigwa vizuri pia, hasa za Tabora, kwa sababu bei yake inalipa kazi ya mjanja. Hizo macho yetu hayatoshi, na nitarudi hapo.

Tuseme sasa piesi ni ya kweli. Swali la pili ni tofauti kabisa, na watu wanalichanganya na la kwanza: iko katika hali gani? Sisi tunaojua mbegu hatupaswi kuchanganya. Gunia la maharagwe linaweza kuwa la aina halisi kabisa, na nusu yake limeliwa na wadudu. Aina ni jambo moja, ubora ni jambo lingine, na mnunuzi analipa vyote viwili.

Wafaransa na Wabelgiji wanapanga ubora kwa maneno ambayo sisi tunayasoma bila shida: Beau, Très Beau, Très Très Beau, Superbe, Splendide, na juu kabisa Fleur de Coin, sarafu iliyo kama ilivyotoka kwenye muhuri. Wamarekani wanatumia namba, 1 hadi 70, mpango alioutoa William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti zao za zamani. Usidanganyike na neno "Beau". Kwenye mpango huo "Beau" ni karibu chini kabisa, piesi iliyochakaa hadi inasomeka kwa shida. Komisionere anayekwambia kwa Kifaransa kitamu "c'est beau, papa" pengine anasema kweli bila kujua.

Uchakavu unaanza mahali palipoinuka zaidi. Kwa tembo, angalia ukingo wa sikio, paji la uso, bega na sehemu ya juu ya mguu. Kama mikunjo ya sikio ingali inaonekana, uko pazuri. Kama sikio na kichwa vimekuwa kitu kimoja laini, imepita mikono mingi sokoni. Kwa Leopold, angalia ndevu na nywele juu ya sikio. Ile ya Tabora ina shida yake: ilipigwa haraka, kwenye karakana ya reli, wakati wa vita, na nyingine zilitoka dhaifu tangu siku ya kwanza. Basi usihukumu kwa mstari mmoja uliokosekana. Angalia kama uwanja bado una mng'ao wake. Uwanja ukiwa hai na mstari haupo, ni muhuri. Uwanja ukiwa umekufa pia, ni mifuko ya watu.

Na hapa ndipo tunapojiharibia zaidi kuliko matapeli wote. Tunasafisha. Majivu, ndimu, mchanga, Colgate. Mtu anapata franga 50 ya fedha yenye rangi nyeusi kijivu, anaona aibu kuipeleka hivyo mbele ya mnunuzi, anaisugua usiku mzima hadi ing'ae kama sufuria ya harusi. Ile rangi ya uzee ilikuwa ngozi yake. Miaka 80 imeijenga, na haurudishi. Mkusanyaji anaona mikwaruzo midogo inayokimbia upande mmoja, na kwake piesi imeshuka daraja, mara nyingine kwa nusu ya bei au zaidi. Ukipata sarafu yenye udongo, loweka kwenye maji safi, iache, kausha kwa kitambaa laini kwa kugusa bila kusugua, ifunge kwenye karatasi. Basi.

Kwa zile chache za thamani kubwa, kuna makampuni ya Marekani kama PCGS na NGC, yaliyoanza miaka ya 1980, yanayochunguza sarafu, kuipa namba, na kuifunga kwenye sanduku dogo la plastiki. Hayo ndiyo macho yanayozidi yetu. Lakini sanduku la plastiki nalo linaigwa, kwa hiyo namba yake inaangaliwa kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, bure. Na kampuni ya namna hiyo haitumi mtu kwa pikipiki hadi Gety kuchukua makuta ya dosiye.

Kuna jambo ambalo hakuna balansi inayolipima. Mwaka 1944, mwaka ule ule wa tembo wa Pretoria, askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yao. Aliziweka tu, na kwenye ramani akatia alama mahali alipozipata. Mwaka 1979 akazituma kwa wataalamu. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za shaba, za masultani wa Kilwa, pwani ya Waswahili, zilizosafiri maelfu ya kilomita kuvuka Bahari ya Hindi. Kama chuma, hazina thamani yoyote. Wataalamu wa historia wanazijadili hadi leo kwa sababu ya ile alama kwenye ramani.

Njo maana nikiletewa piesi, kabla ya kuitia kwenye balansi ninauliza: muzee aliipata wapi? Alifanya kazi Kilo? Alibeba mizigo ya jeshi? Aliuza nini, na nani alimlipa? Mara nyingi jibu linapotea pamoja na muzee. Kwetu tumekimbia mara nyingi tangu miaka ya 1990, na kila kukimbia kunaacha nyuma barua, picha, vitambulisho. Sarafu inabaki kwa sababu ni ndogo, inaingia kwenye fundo la kitenge. Basi chukua kijikaratasi, andika jina la muzee, kijiji, na vile alivyoipata kwa maneno yake mwenyewe, tarehe uliyoandika, kisha kunja piesi ndani. Penseli ni bora kuliko biki, maana wino wa biki unachafua.